Majina Mia Sita na Kumi na Mbili

Vifungo viwili vya juu Baba Kibibi alivifunga mwenyewe. Cha tatu kilimshinda. Alisimama mbele ya kioo cha kabati akikisukuma kwa kidole gumba, vidole vimekakamaa kama vya mtu aliyetoka kufua kwenye maji ya baridi, na kila kifungo kilipokaribia tundu lake kilimponyoka. Binti yake wa miaka minane, aliyekuwa tayari ndani ya sare ya shule, alimtazama kidogo, akaweka begi chini, akapanda kitandani ili amfikie kifua.

"Tulia, Baba," alisema. "Unanichelewesha."

Tangu ana miaka mitatu alikuwa akiwafokea wakubwa kwa sauti hiyohiyo ya bibi kizee, ndiyo maana wakamwita Kibibi. Alifunga cha tatu, cha nne, cha tano, haraka haraka, kwa mkono uliozoea.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Nyumba nzima ilimwita Katibu, kwa sababu alikuwa katibu muhtasi wa ofisi ya mawakili kwa miaka kumi, hadi ofisi ilipofungwa, na hata sasa alipokuwa akiuza karatasi na wino nusu siku katika duka la vifaa vya ofisi, bado alizungumza kama mtu anayeandika kumbukumbu za kikao.

"Hii imeanza lini?" aliuliza.

"Wiki iliyopita," alijibu Kibibi bila kugeuka. "Tulikubaliana nisikwambie."

Katibu aliweka kikombe juu ya kabati, akashika mikono ya mumewe, akaigeuza viganja juu. Haikuwa na kidonda wala uvimbe. Hilo ndilo lililomtia hofu zaidi.

"Kuna kingine umenificha?"

Baba Kibibi alielekeza kidevu kwenye mkoba wake. Ndani kulikuwa na karatasi mbili zilizokunjwa pamoja. Moja ilitoka kwa daktari: mishipa ya fahamu ya mikono yote miwili imebanwa kwenye kifundo cha mkono, apasuliwe, tarehe imeshapangwa, wiki kumi na moja kutoka siku ile, gharama zote kwa kadi ya bima ya kazini. Ya pili ilitoka kazini. Ilisema kwamba kila mwandishi wa programu katika ofisi ile hutakiwa kukamilisha kazi kumi na mbili kwa wiki, kwamba yeye amekuwa akikamilisha saba, na kwamba kuanzia sasa yuko chini ya uangalizi kwa wiki nane.

Katibu alizisoma zote mbili mara moja tu.

"Umewaonyesha ya daktari?"

"Nikiwaonyesha nimekwisha. Unamkumbuka yule mwenzangu wa macho? Alipeleka karatasi ya hospitali Jumatatu, Ijumaa akaagwa kwa soda."

"Kwa hiyo unataka kufika hiyo wiki ya kumi na moja ukiwa umefunga mdomo."

"Nataka kufika nikiwa na kadi," alisema Baba Kibibi. "Basi. Wakishanipasua, wafanye watakalo."

*

Jumamosi, sahani za mchana zilipoondolewa, laptopu iliwekwa katikati ya meza ya kulia na kiti cha pili kikavutwa karibu.

Ofisi ya Baba Kibibi ilitunza mfumo wa bima ya afya: nani ni mwanachama, ametibiwa wapi, analipiwa nini. Ndani ya mfumo huo kila kitu kilikuwa na jina lake, na sheria ya ofisi ilitaka jina liandikwe lote, bila kukatwa hata neno. Alimwonyesha mkewe mfano kwenye skrini: *jumlaYaMalipoYaMgonjwaKablaYaPunguzo*.

Katibu aliisogeza miwani yake. "Hili ni jina au ni hotuba?"

"Ni jina. Naliandika mara thelathini kwa siku."

"Si uandike *j*, yaishe?"

"Kuna jamaa mmoja aliandika *a*, *b*, *c* kwenye mfumo mzima. Halafu akagombana na bosi, akaondoka. Walichukua miezi minane kujua *c* ni nini."

"Ilikuwa nini?"

"Umri wa mgonjwa."

Katibu alicheka kwa pua. Baba Kibibi akaendelea kumweleza, akinyoosha vidole na kuvikunja huku akizungumza. Programu anayoandikia ilikuwa na msaada wake, lakini msaada wa mashaka: ilitaka aandike mwanzo wa jina, kisha imletee orodha. Akiandika *jumla*, yanakuja majina arobaini yote yanayoanza na *jumla*, na inabidi ateremke nayo kwa kitufe cha mshale, moja baada ya jingine. Kila mshale ulikuwa sindano. Kwa hiyo alikuwa ameibadilisha. Jioni tatu alikaa akiifundisha isiangalie mwanzo wa jina, iangalie herufi ya kwanza ya kila neno. Ataandika *jmmkp*, atabonyeza kitufe kimoja, jina zima litajiandika.

"Hizo *ya* umeziruka," alisema Katibu.

"Tunaziruka. Hazina kazi."

"Na majina mawili yakigongana herufi?"

"Tunabadilisha ya mwisho. Tarehe ya mwanzo ya mkataba ni *tmz*, ya mwisho ni *tms*."

Katibu alilitazama faili. Lilikuwa tupu. Kushoto kikae kifupisho, kulia jina zima, mstari kwa mstari. Mtambo ulikuwa tayari, haukuwa na chakula.

"Majina mangapi?"

Baba Kibibi alitazama pembeni. "Mia sita na kumi na mbili."

"Na ulitaka kuyaingiza kwa mikono ipi?"

Katibu alisogeza kiti, akavuta kibodi kwake, akavunja vidole kimoja kimoja hadi Kibibi akaziba masikio. Enzi zake aliandika maneno themanini kwa dakika, kichwa kikiwa kimegeukia dirishani.

"Tuanze na la majaribio," alisema mumewe. "Weka chochote."

Katibu hakufikiri. Aliandika *pm*, na upande wa kulia, *pumzishaMikono*. Baba Kibibi alifungua ukurasa mtupu, akabonyeza *p*, akabonyeza *m*, akagusa kitufe cha tatu. *pumzishaMikono* ikatokea kwenye skrini kama mtu aliyeitwa akaitika.

Alicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kifupi, lakini Kibibi aliinua kichwa kutoka kwenye daftari lake, kwa kuwa kilikuwa cha kwanza mwezi ule.

"Haya, lifute tuanze."

"Halifutwi," alisema Katibu. "Likae juu kabisa. Kila ukifungua faili likuone. Soma la kwanza."

Walifanya kazi hiyo Jumamosi mbili na Jumapili mbili. Yeye alisoma, mkewe akaandika. Mwanzoni Katibu aliuliza maswali. Mwanachama na mgonjwa wana tofauti gani, mtegemezi ni nani. Kufikia jina la mia tatu alikuwa anamkosoa. "Hili umelisoma jana kwa jina jingine." Na kweli, alikuwa amelisoma. Kufikia la mia tano alikuwa akitoa kifupisho kabla mumewe hajamaliza kusoma, na mumewe alikuwa akisema, "Katibu, ungesomea hii kazi tungekuwa tunakaa ghorofani."

"Tungekuwa na mikono minne mibovu," alisema Katibu.

*

Wiki ya kwanza ya faili alikamilisha kazi tisa. Ya pili, kumi na moja. Ya tatu, kumi na mbili, na Ijumaa yake alipotoka kazini alishika kikombe mwenyewe kwa kishikio chake, akanywa, akakirudisha mezani bila kumwaga. Kibibi tu ndiye aliyekitazama kikombe safari nzima, kwenda na kurudi. Ya nne, kumi na tatu. Ya tano, kumi na tatu tena.

Mikono haikupona. Usingizini bado ilikuwa inakufa ganzi, na shati bado lilifungwa na Kibibi. Lakini maumivu yalikuwa yamerudi nyuma hatua mbili, na mtu akiwa na wiki sita za kuhesabu, hatua mbili si haba.

Tatizo lilianzia meza ya jirani. Pale alikaa mtu waliyemwita Profesa, kwa kuwa kila alichoambiwa alikuwa anakijua tangu jana. Profesa ndiye aliyesema kwenye foleni ya chai kwamba mtu hatoki saba hadi kumi na tatu kwa maji ya kunywa, na kwamba huenda Fundi, maana kazini ndivyo walivyomwita Baba Kibibi, ana kijana anayemwandikia huko nje. Alisema kwa utani. Utani huo ulipanda ngazi hadi kwa Meneja. Alhamisi Meneja akamwita Baba Kibibi, akamwomba kwa upole aje Jumatatu na maelezo.

Jumapili Katibu alikuwa akipiga pasi. Baba Kibibi alikuwa amekaa kwenye ncha ya kitanda, mikono ameiweka juu ya mapaja kama vitu vya mtu mwingine.

"Nitawaambia nilijitahidi," alisema.

"Utawaambia nini? Mtoto wa darasa la tatu hawezi kuikubali hiyo. Waonyeshe faili."

"Lile ni langu."

"Najua ni lako, nimeliandika mimi. Nasikiliza sababu."

"Katibu, mimi natembelea lile. Ni mkongojo wangu. Nikiwapa wenye miguu mizima..."

"Watakushukuru." Aligeuza kola ya shati, akaikandamiza. "Sikiliza. Kule kwa mawakili nilipanga majalada upya, kwa rangi, bila kutumwa na mtu. Wakili mkubwa akaona. Wakapunguza makatibu wanne, mimi nikabaki miaka sita zaidi. Mtu anayeleta kitu cha faida hafukuzwi. Anayefukuzwa ni anayeficha, tena siku wakigundua wanamwita mwizi juu yake. Wewe huna la kuficha, unaogopa tu."

"Naogopa, ndiyo."

"Basi ogopa ukiwa umeshika kitu mkononi. Nenda uwaonyeshe. Ya mikono usiseme, sema ulitaka kurahisisha kazi."

Baba Kibibi alimtazama akipiga pasi. Katibu alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja, na lilikuwa limeshasemwa.

"Sawa," alisema.

Shati lilitoka limenyooka kama karatasi. Katibu alilitundika kwenye mlango wa kabati, akaridhika nalo.

*

Jumatatu alirudi na cheti. Kilikuwa kwenye fremu ya plastiki, jina lake limeandikwa kwa wino wa dhahabu, na chini yake *Mbunifu wa Mwezi*. Alirudi pia na kikombe cha bati chenye nembo ya ofisi. Alisema Meneja alisimama akapiga makofi. Alisema Profesa aliuliza swali kisha akajijibu. Faili lilisambazwa kwa wote kumi na saba kabla ya saa sita, na alasiri ofisi nzima ilikuwa inagonga herufi nne nne na kucheka.

"Hata ile *pm* yako wameipenda," alisema. "Kila mtu akitaka kwenda kuvuta sigara anaiandika kwenye ukurasa wa mazungumzo. *Pumzisha mikono.*"

"Nilikwambia," alisema Katibu. Alipigilia msumari ukutani mwenyewe, juu ya televisheni, akakitundika cheti, akarudi nyuma kutazama kama kimekaa sawa. Kibibi alisema kimeinamia kushoto. Kikanyooshwa.

Wiki moja nzima nyumba ile ililala vizuri.

Jumatatu iliyofuata likaja tangazo. Kwa kuwa kasi ya kila mtu imepanda, kipimo cha wiki kimepanda nacho. Kutoka kazi kumi na mbili hadi kumi na nane.

Baba Kibibi alilieleza tangazo akiwa amesimama jikoni, bado na mkoba begani. Profesa alikuwa ameshafika ishirini na moja. Vijana wa dirishani, wenye vidole kama mvua ya mawe, ishirini na nne.

"Na wewe?"

"Kumi na tatu ndio mwisho wangu, Katibu. Hata kwa herufi nne. Nilitoka saba nikafika kumi na tatu, sina kwingine pa kwenda."

Katibu alikuwa anakata mkate. Alikata vipande vitano, wakati nyumba ilikuwa na watu watatu. Kisha akasimamisha kisu.

"Wiki ngapi zimebaki kabla ya hospitali?"

"Nne."

"Na uangalizi?"

"Unaisha Ijumaa ijayo."

Alijaribu. Aliingia kazini kabla ya mfagiaji, akatoka baada ya walinzi kubadilishana. Wiki ile alifika kumi na nne, na Jumamosi hakuweza kushika mswaki. Wiki iliyofuata alifika kumi na moja. Kibibi alianza kumfunga na kamba za viatu. Asubuhi moja alimfunga mafundo mawili kila kiatu, akasema, "Ili visifunguke kabla sijarudi kutoka shule," na baba yake akageuza uso upande wa kabati.

Ijumaa ikaja barua. Mkataba ungekoma baada ya siku tano za kazi, karibu wiki mbili kabla ya tarehe ya upasuaji.

*

Katibu hakumwambia mumewe. Aliomba ruhusa dukani, akavaa gauni la vikao, akabeba karatasi ya daktari ndani ya bahasha safi.

Mapokezi walimpa kiti chini ya feni isiyozunguka. Alikaa dakika hamsini. Alipouliza mara ya pili, msichana wa mapokezi alimwambia, "Mama, kama ni mambo ya usafi, anayehusika yuko nyuma." Katibu alimtajia jina la cheo, chumba na saa, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwapokelea majaji, na msichana akashika simu.

Meneja alikuwa mdogo kuliko alivyomfikiria, na mpole kuliko alivyotaka awe. Alisimama kumpa mkono. Aliisoma karatasi ya daktari hadi chini.

"Kwa nini hakusema mwanzo?"

"Aliogopa mngemtoa."

"Na sasa amesema siku tano kabla ya kuondoka. Dada yangu, nikiipeleka hii juu wataniambia ni kisingizio. Ningekuwa mimi pia ningesema hivyo."

"Ni wiki mbili tu," alisema Katibu. "Mpeni likizo bila malipo. Mpeni kazi ya kufagia. Mwacheni kwenye orodha tu, apasuliwe, mumtoe siku hiyohiyo. Nitaandika mimi barua ya kuacha kazi, aisaini kwa meno."

Meneja alitabasamu kidogo, kisha akaona kwamba haukuwa utani.

"Orodha siishiki mimi. Mtu akitolewa, bima inafungwa yenyewe. Mfumo unaangalia tarehe ya mwisho ya mkataba."

*Tms*, alisema Katibu kimoyomoyo. Alilikumbuka. Jumapili ya kwanza, karibu na jina la sabini.

"Na kipimo," alisema. "Kipimo mmekipandisha kwa faili lake. Bila lile faili wote hapa wangekuwa kumi na mbili, na yeye angekuwa kumi na tatu. Mnamtoa kwa kazi yake mwenyewe."

"Najua." Meneja alisema hivyo bila kubisha, na Katibu, aliyekuwa amejiandaa kwa ubishi wote duniani, akakosa pa kushika. "Sote tunajua. Ni kitu kizuri kuliko vyote vilivyoletwa hapa tangu nije. Lakini siwezi kuweka kipimo cha mtu mmoja. Nikimwekea yeye, kesho wote watakuwa na mikono mibovu."

Aligeuza skrini ili mgeni aone, pengine kwa heshima. Faili lilikuwa pale. Sasa lilikuwa na nembo juu, na jina: *Kamusi ya Ofisi*.

"Haya yote niliyaandika mimi," alisema Katibu. "Yeye alisoma, mimi nikaandika. Majina mia sita na kumi na mbili."

"Wewe?" Meneja aliteremsha ukurasa, akapandisha. "Halina kosa hata moja. Tulilikagua." Alimtazama upya, kuanzia miwani hadi vidole. "Unafanya kazi wapi, dada?"

Katibu alimwambia.

"Tunaingiza mfumo mwingine mwezi huu. Majina kama elfu mbili. Vijana wangu hawataki, wanaona ni kazi ya kuchosha. Ni kibarua cha miezi mitatu, unafanyia nyumbani, tunakupa na laptopu." Alisita. "Hakina bima. Vibarua hatuwapi bima. Lakini ni kitu."

Katibu aliitazama bahasha yake. Alikuwa ameingia na hoja saba, amezipanga kwa namba. Aliwaza mkate, ada ya Kibibi, duka la nusu siku, na mwanamume aliyefungwa viatu mafundo mawili mawili. Alitaka kusema neno moja la kumpa huyu Meneja za uso. Lilikuwepo, lilikuwa mdomoni.

"Naanza lini?" aliuliza.

*

Alimwambia mumewe jioni hiyohiyo, mezani, mbele ya mtoto, kama alivyosema mambo yote. Alimwambia alikwenda, alimwambia walivyomjibu, akamwambia na kibarua. Mwisho akasema, "Mimi ndiye niliyekutuma ukawape. Nataka liandikwe hivyo."

Baba Kibibi alisogeza sahani yake pembeni. Cheti kilikuwa juu ya kichwa chake, kimenyooka.

"Ile programu inayofunga kadi," alisema, "niliiandika mimi. Mwaka juzi. Saa sita kamili usiku, siku ya mwisho ya mkataba. Kabla yake kulikuwa na karani aliyekuwa anafunga kwa mkono, wakati mwingine anasahau hata mwezi mzima. Walinipongeza kwa hilo pia."

Kibibi aliuliza kama programu haiwezi kusahau.

"Haiwezi, mwanangu. Niliijaribu sana."

Hospitali walipigiwa simu, wakasema tarehe inaweza kubaki kama mgonjwa atalipa mwenyewe, nusu kabla ya kulazwa. Shemeji mmoja aliahidi kuwakopesha, kisha akawa hapokei simu. Siku ya upasuaji ilikuwa Jumatano. Baba Kibibi aliamka mapema kwa mazoea, Kibibi akamfunga shati ingawa hakuwa na pa kwenda.

Laptopu ya ofisi ilikuwa imeletwa asubuhi ileile na mtu wa pikipiki, pamoja na karatasi za majina. Katibu aliiweka katikati ya meza ya kulia, akaketi kwenye kiti kilichokuwa cha mumewe. Mumewe akaketi upande wa pili na karatasi. Hawakuwa wamekubaliana hivyo. Viti vilikuwa viwili.

"Soma," alisema Katibu.

Baba Kibibi alisoma. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayesoma orodha. Kufikia jina la thelathini aliacha katikati ya neno, karatasi ikamponyoka, ikateleza hadi chini ya meza. Alijaribu kuiokota. Katibu alimsikia kule chini, kucha zikikwaruza sakafu, karatasi ikisogea badala ya kunyanyuka. Alijua akiinama kumsaidia itakuwa vibaya, na asipoinama itakuwa vibaya.

Vidole vyake vilikuwa bado juu ya kibodi. Vilitafuta cha kufanya. Viliandika *pm*, vikabonyeza kitufe cha tatu, vikangoja.

Hakikutokea kitu. Alibonyeza tena. Akafungua kamusi, akapanda hadi mstari wa kwanza kabisa. Pale juu, lilipokuwa limekaa tangu Jumamosi ya kwanza, palianza jina jingine. Pembeni mtu wa ofisi alikuwa ameacha maelezo mafupi, ya adabu: *Limeondolewa. Halitumiki mahali popote kwenye mfumo.*

"Nimeipata," alisema Baba Kibibi kutoka chini ya meza. Hakuwa ameipata.

"Pole pole," alisema Katibu. "Nakungoja."

Kwenye skrini herufi mbili zilibaki herufi mbili.